Macho makavu ya muda mrefu: vipimo gani huonyesha chanzo, na matibabu huanzia wapi?

Mfasiri ameuliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninaomba msaada wa wenye ujuzi wa macho, pamoja na waliougua tatizo hili wakapata nafuu.

Kwa muda mrefu sasa macho yangu yote mawili yanawaka na kukwaruza kana kwamba yameingia mchanga. Kadiri ninavyoendelea kusoma na kuandika kwenye kompyuta, maandishi yanaanza kufifia. Nikipepesa mara mbili tatu yanarudi kuwa wazi, kisha yanafifia tena. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba nikitoka nje penye upepo machozi yananitiririka mpaka shavuni, kwa hiyo nikimweleza mtu kuwa nina macho makavu haniamini.

Nimekwisha kuonwa hospitalini. Nilisomeshwa herufi za ukutani, nikaambiwa kwamba uwezo wangu wa kuona ni mzuri, nikaandikiwa matone ya kulainisha macho, na shughuli ikaishia hapo. Matone hayo yananisaidia kwa muda mfupi, kisha hali inarudi ilivyokuwa. Sikuelezwa kama machozi yenyewe yalipimwa, wala sababu ya ukavu sikutajiwa.

Ninapenda kujua mambo haya: je, ugonjwa huu una vipimo vyake maalumu? Nimwone mtaalamu wa aina gani? Na je, yapo matibabu yanayogusa chanzo, au ni matone tu maisha yote? Natanguliza shukrani.

Mpima Macho amejibu:

Ndugu Mfasiri, pole sana. Mimi ni mtaalamu wa optometria, yaani upimaji wa macho na uoni, na malalamiko kama yako ninakutana nayo mara kwa mara kazini, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa kirefu.

Nianze na hayo machozi yanayotiririka, kwa sababu ndiyo yanayowafanya wagonjwa wengi waonekane wanatia chumvi. Konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, imefunikwa na utando wa machozi wenye sehemu tatu zinazotegemeana: ute unaoyashikiza machozi juu ya jicho, maji yanayotoka kwenye tezi za machozi, na mafuta kidogo sana yanayotanda juu kabisa ili maji yasikauke upesi. Mafuta yakipungua au yakiharibika, utando hupasuka kabla hujapepesa tena, konea hubaki wazi, na mishipa ya fahamu iliyojaa humo huiamrisha tezi ya machozi imwage maji kwa ghafla. Maji hayo huja mengi, lakini hayana mafuta wala ute wa kutosha, ndiyo maana humwagika bila kulainisha chochote. Kufifia kwa maandishi kunakorekebishwa na kupepesa ni dalili ya jambo hilo hilo: utando ukipasuka, mwanga hauingii jichoni sawasawa.

Herufi za ukutani hupima uwezo wa kuona mbali, nazo hazisemi lolote kuhusu machozi. Mtu anaweza kusoma mstari wa chini kabisa huku konea yake imejaa vidoa vya ukavu.

Swali ambalo uchunguzi mzuri unapaswa kulijibu ni kwa nini macho yamekauka. Kuna ukavu unaotokana na tezi kutotoa maji ya kutosha, na kuna ukavu unaotokana na maji kukauka upesi kwa sababu tezi za mafuta za kope zimeziba au zimedhoofika. Aina hii ya pili ndiyo inayoonekana zaidi, na wagonjwa wengi wana zote mbili kwa pamoja. Tezi hizo za mafuta huitwa tezi za Meibomi, kwa jina la daktari Mjerumani Heinrich Meibom aliyezieleza mwaka 1666. Zimejipanga ndani ya kope, kati ya 25 na 40 kwenye kope ya juu na kati ya 20 na 30 kwenye kope ya chini, na midomo yake midogo hufunguka kwenye ukingo wa kope, nyuma tu ya pale nywele zinapoota.

Uchunguzi wenyewe huanza na maongezi: dalili ni zipi, zinazidi saa ngapi, unatumia dawa gani, una magonjwa gani mengine, umewahi kufanyiwa upasuaji wa macho au kuvaa lenzi zinazowekwa juu ya jicho. Baadhi ya kliniki hutumia dodoso liitwalo OSDI lenye maswali 12, ambalo alama zake huanzia 0 hadi 100, na kuanzia 13 kwenda juu huhesabiwa kuwa si kawaida. Kisha unaweka kidevu kwenye ile darubini ya macho, unatiwa kiasi kidogo cha rangi ya fluoresini, unapepesa, halafu unaambiwa uache macho wazi huku mpimaji akitazama kwa mwanga wa buluu. Machozi huonekana kama pazia la kijani lililotanda sawasawa, kisha doa jeusi hujitokeza mahali utando ulipopasuka. Sekunde kati ya kupepesa na doa la kwanza ndizo zinazohesabiwa, na zikiwa chini ya 10 utando hauko imara. Rangi hiyo hiyo huingia mahali konea ilipochubuka na kuonyesha vidoa. Ipo na rangi nyingine, kijani cha lisamini, inayoonyesha madhara kwenye sehemu nyeupe ya jicho.

Baada ya hapo kope zichunguzwe, na hapa ndipo ninapoona uzembe mwingi. Mpimaji anatakiwa kuubonyeza taratibu ukingo wa kope kwa kidole au kwa kijiti cha pamba, akiangalia kinachotoka. Tezi nzima hutoa mafuta mepesi, maangavu, yanayotiririka. Tezi iliyoziba hutoa kitu cheupe kizito kama dawa ya meno inayotoka kwenye mrija wake, au haitoi chochote. Kipimo hiki hakihitaji mashine yoyote ya ziada, huchukua muda mfupi sana, na bado wagonjwa wengi huniambia kwamba hakuna aliyewahi kuwagusa kope. Penye vifaa zaidi, tezi hupigwa picha kwa mwanga wa infraredi ili kuona ngapi zimefupika au zimekufa, kwa sababu tezi iliyokwisha kufa kwa kawaida haifufuki.

Kipimo cha karatasi, kilichobuniwa na Otto Schirmer mwaka 1903, huja mwisho kwa kuwa huliudhi jicho na kuharibu matokeo ya vipimo vingine. Kipande chembamba cha karatasi huning'inizwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5, kisha sehemu iliyolowa hupimwa. Bila dawa ya ganzi, zaidi ya milimita 10 huchukuliwa kuwa kawaida, na chini ya milimita 5 ni dalili ya upungufu mkubwa wa maji. Kipimo hiki hubadilika-badilika, hivyo hakitoshi peke yake. Vipo pia vipimo vya kisasa vya ukolezi wa chumvi katika machozi na vya protini iitwayo MMP-9 inayoashiria inflamesheni, yaani tishu kuwaka na kuvimba. Ni vizuri vikiwepo, lakini kukosekana kwake hakumzuii mtaalamu makini kufikia uamuzi.

Kuhusu nani wa kumwona: mtaalamu wa optometria anaweza kuanza na kufanya karibu yote niliyoyataja. Daktari bingwa wa macho, hasa wa konea, anahitajika pale vidoa vya konea vinapokuwa vingi, matibabu ya awali yanaposhindwa, au panapokuwa na shaka ya ugonjwa wa mwili mzima. Na ukipata maumivu makali, ukashindwa kuvumilia mwanga, uoni ukapungua ghafla, au jicho moja likawa jekundu sana na kutoa usaha, usisubiri miadi. Hiyo ni dharura.

Mama Rehema ameandika:

Ndugu Mfasiri, pole. Ninaongeza neno kwa kile alichokigusa mtaalamu mwishoni, yaani ugonjwa wa mwili mzima, kwa sababu kwangu ndicho kilichokuwa chanzo.

Nilikuwa nikiambiwa kwamba ukavu wa macho ni mambo ya umri na ya hedhi kukoma, na ni kweli kwamba mabadiliko hayo ya homoni yanachangia. Lakini daktari wa mwisho niliyemwona aliniuliza jambo ambalo sikutarajia kuulizwa kwenye chumba cha macho: je, unaweza kula kitu kikavu bila kunywa maji? Sikuweza. Meno yangu pia yalikuwa yakioza kwa kasi, viungo vilikuwa vinauma asubuhi, na uchovu haukuisha hata nikilala vya kutosha. Aliniandikia kipimo cha damu cha kutafuta kingamwili zinazoitwa anti-Ro, akanipeleka kwa daktari bingwa wa magonjwa ya viungo na kinga. Baadaye nilitolewa vitezi vidogo vya mate kutoka upande wa ndani wa mdomo wa chini, kwa ganzi, vikachunguzwa kwa hadubini. Jibu likawa ni ugonjwa wa Sjögren, ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na za mate. Aliyeueleza mwaka 1933, Henrik Sjögren wa Sweden, alikuwa mwenyewe daktari wa macho.

Ninayasema haya kwa uzito kwa sababu ugonjwa huu hauishii kwenye macho. Unaweza kugusa mapafu, figo na mishipa ya fahamu, na wenye nao wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata saratani ya limfu, ndiyo maana tunafuatiliwa mara kwa mara. Wanawake huupata kwa wingi kuliko wanaume, lakini mwanamume asidhani kwamba haumhusu. Mtu mwenye macho makavu pamoja na kinywa kikavu asikubali kuondoka na chupa ya matone peke yake.

Kwa upande wa macho, ninatumia matone ya siklosporini ya kutuliza inflamesheni, na nimewekewa vizibo vidogo kwenye vitundu vya pembeni mwa kope ambavyo machozi hupitia kwenda puani, ili machozi machache niliyonayo yakae zaidi. Sijapona, lakini ninasoma.

Mfasiri ameandika:

Shukrani za dhati, mtaalamu, na asante sana Mama Rehema; pole kwa uliyopitia. Kinywa changu hakina shida na viungo haviumi, lakini nitalitaja hilo ili liandikwe.

Majibu yenu yamenifanya niangalie mambo ambayo sikuyahusisha na macho. Ninatumia vidonge vya mzio karibu kila siku kwa ajili ya mafua. Matone niliyoandikiwa ninayatia mara nyingi sana kwa siku, kuliko ilivyoandikwa. Asubuhi kingo za kope zangu huwa nyekundu, na kwenye mashina ya nywele zake kuna magamba. Jamaa mmoja ananishauri nitumie yale matone ya kung'arisha macho mekundu. Je, mambo haya yana uhusiano wowote?

Mfamasia amejibu:

Yana uhusiano mkubwa, ndugu yangu, na ninafurahi kwamba umeuliza kabla ya kununua.

Vidonge vingi vya mzio hukausha mafua kwa njia ambayo pia hupunguza machozi, hasa vile vya zamani vinavyoleta usingizi. Wenzake ni baadhi ya dawa za sonona za kundi la zamani, isotretinoini ya chunusi ambayo hudhoofisha tezi za Meibomi, na baadhi ya dawa za kuongeza mkojo. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa uamuzi wako mwenyewe. Peleka orodha kwa daktari, maana mara nyingi mbadala upo.

Kuhusu matone, tazama kwenye boksi sehemu ya viambato. Chupa nyingi za kawaida huwekewa kihifadhi kiitwacho benzalkoniumu kloraidi ili vijidudu visizaliane baada ya chupa kufunguliwa. Kihifadhi hicho, kikitiwa mara nyingi kila siku kwa muda mrefu, huumiza seli za juu za konea na kuvuruga utando wa machozi, kwa hiyo dawa ya ukavu inakuwa sehemu ya ukavu. Anayehitaji matone zaidi ya mara nne kwa siku ahamie kwenye yasiyo na kihifadhi, ambayo huja katika vichupa vidogo vya kutumia mara moja au katika chupa zenye mfuniko maalumu unaozuia vijidudu. Wagonjwa wa presha ya macho wanahusika hapa kuliko wengine, kwa sababu hutia matone kila siku kwa miaka mingi.

Matone ya kung'arisha macho hubana mishipa ya damu, weupe unarudi kwa saa chache, kisha mishipa hutanuka tena na wekundu huzidi. Hayatibu ukavu hata kidogo. Ninachokuomba zaidi ya yote ni hiki: usikubali kuuziwa matone ya steroidi, yaani dawa kali za kutuliza inflamesheni, bila daktari wa macho kukuona. Yanaleta nafuu ya haraka mno, na nafuu hiyo ndiyo inayowafanya watu wayarudie wenyewe kwa miezi, mpaka presha ya macho inapanda kimyakimya au mtoto wa jicho anatokea. Daktari huyaandika kwa kipindi kifupi, huku akipima presha ya jicho. Inaniuma kila ninapoona chupa tupu ya steroidi inaletwa dirishani ili ijaziwe nyingine.

Mpima Macho amejibu:

Ninamshukuru Mfamasia, amesema yote ambayo ningeyasema. Niendelee na kope, maana wekundu na magamba hayo yananielekeza huko, ingawa uamuzi ni wa atakayekuona kwa macho yake.

Tezi zikiziba, matibabu ya msingi ni joto. Mafuta yaliyoganda yanahitaji joto la nyuzi 40 za Selsiasi au zaidi kidogo, kwa dakika kama 10, ndipo yalainike. Kitambaa kilicholowekwa maji ya moto hupoa upesi sana, ndiyo maana wengi hujaribu na kusema haisaidii. Ama ukibadilishe kila baada ya dakika mbili, ama utumie barakoa maalumu ya macho inayotunza joto. Kisha kanda kope taratibu kuelekea kwenye nywele zake, ya juu kwa kushuka na ya chini kwa kupanda, bila kuibonyeza mboni, halafu safisha kingo. Fanya hivyo kila siku, na uipe njia hii wiki kadhaa kabla ya kuihukumu. Magamba yakiwa yamezunguka shina la unywele kama mrija mwembamba, hiyo ni alama ya utitiri uitwao Demodeksi, nao una dawa yake. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha matone ya lotilaneri kwa kazi hiyo.

Hayo yasipotosha, daktari anaweza kuandika doksisaiklini au azithromaisini, ambazo hapa hutumika zaidi kwa kutuliza inflamesheni na kurekebisha mafuta ya tezi kuliko kuua bakteria; doksisaiklini haifai kwa wajawazito wala watoto wadogo. Yapo matone ya siklosporini aliyoyataja Mama Rehema, na ya lifitegrasti yaliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016. Siklosporini huunguza kidogo ikitiwa, na faida yake huonekana baada ya wiki nyingi, mara nyingine miezi. Mgonjwa asipoambiwa hivyo tangu mwanzo huiacha kabla haijafanya kazi, na lawama hiyo ninatuwekea sisi wahudumu. Kwa hali kali zaidi kuna matone yanayotengenezwa kutokana na seramu ya damu ya mgonjwa mwenyewe, na lenzi kubwa za sklera zinazobeba maji mbele ya konea mchana kutwa.

Kuhusu mafuta ya samaki, ambayo najua utashauriwa na wengi: utafiti mkubwa wa Marekani uitwao DREAM, uliochapishwa mwaka 2018, uliwapa wagonjwa miligramu 3000 za omega-3 kila siku kwa mwaka mzima na kuwalinganisha na waliopewa mafuta ya zeituni. Vikundi vyote viwili vilipata nafuu, na tofauti ya maana baina yao haikuonekana. Siwezi kumshauri mgonjwa atumie fedha zake huko kwanza.

Na kompyuta usiisahau. Tukikodolea kioo macho, kupepesa hupungua sana, na mara nyingi kope hazikutani kabisa. Shusha kioo kiwe chini kidogo ya usawa wa macho ili jicho lisifunguke sana, elekeza feni pembeni, na upepese kikamilifu, kope ya juu iiguse ya chini.

Msomaji wa Kale ameandika:

Naomba niongeze jambo kwa ajili ya wale ambao vipimo vyote vinatoka vizuri na bado wanaumia. Nilikuwa miongoni mwao, na nilikaribia kuambiwa kwamba maumivu yangu ni ya kufikirika. Hatimaye daktari wa konea alinitia tone la ganzi na kuniuliza kama maumivu yameondoka. Yalibaki karibu yote, naye akanieleza kwamba huenda shida iko kwenye mishipa ya fahamu yenyewe, hali inayoweza kutokea baada ya upasuaji wa leza wa kurekebisha uoni au baada ya ukavu wa muda mrefu, na ambayo hutibiwa kwa dawa za maumivu ya mishipa badala ya kuongezewa matone. Tone hilo ni la chumba cha daktari tu. Anayelipeleka nyumbani na kulitumia mara kwa mara huharibu konea yake.

Mfasiri ameandika:

Sina namna ya kuwashukuru inavyostahili. Nimeomba miadi na mtaalamu wa optometria, kisha nitaendelea kwa daktari bingwa ikibidi. Mtaalamu, kuna maandalizi yoyote ili vipimo vitoke sahihi?

Mpima Macho amejibu:

Yapo. Siku hiyo usitie matone yoyote ya kulainisha kwa saa mbili au zaidi kabla ya kupimwa, ila matone ya presha ya macho, kwa wanaoyatumia, yasiachwe bila maelekezo. Usipake wanja wala kipodozi chochote kwenye kope. Kama unavaa lenzi laini, nenda na miwani, kwa kuwa fluoresini huzitia lenzi rangi. Beba dawa zako zote, za macho na za kumeza, zikiwa kwenye maboksi yake. Miadi ya alasiri, baada ya saa kadhaa za kazi, huonyesha hali yako halisi kuliko ya asubuhi. Ukiwa pale, omba kope zako zibonyezwe, na uombe uandikiwe sekunde za kupasuka kwa utando, milimita za karatasi na hali ya tezi kwa kila jicho, ili utakaporudi baada ya miezi miwili au mitatu matokeo mapya yalinganishwe na hayo.